Sajini Kahiga Apimwa Mwendo

Sajini mstaafu Kahiga aliposikia kwamba mjukuu wake anasomea jinsi watu wanavyotembea, alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Alijua kwamba Nyawira yuko chuo, Thika. Alijua pia kwamba anasomea kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa, na watu wa kanisa walipomuuliza alijibu "udaktari" na kuyaacha hapo. Lakini kutembea? Kutembea nako kuna mwalimu, na darasa, na mtihani?

"Tena mwaka mzima, guka," Nyawira alimwambia babu yake. "Kisigino kinagusa chini vipi, goti linakunjika kiasi gani, kiuno kinafanya nini."

"Na ukimaliza huo mwaka utakuwa umejua kutembea."

"Nitakuwa nimejua kwa nini mtu fulani hatembei vizuri."

"Hatembei vizuri kwa sababu hakufundishwa," akasema Kahiga, akifuta kisahani kwa kidole. "Hilo ningekwambia bure."

Yeye alikuwa amefundisha. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mwalimu wa gwaride wa askari jela. Vijana walikuja kwake kutoka kila pembe ya nchi wakiburuta miguu kama ng'ombe wa mnada, akawarudisha makwao wakiwa wima. Alipostaafu, macho yake yalikataa kustaafu. Aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya lango lake kule Gitothua, Ruiru, akautazama ulimwengu ukipita kwa miguu, na hakuona mtu hata mmoja wa kumridhisha. Watu wa bodaboda walitembea mapaja wazi, kana kwamba pikipiki bado ziko katikati. Wasichana wa saluni walikokota ndala. Vijana wa simu walitanguliza shingo kama kuku anayetafuta punje, na mwili ukafuata baadaye ukipata nafasi. Hata mchungaji, mtu wa kuheshimiwa, alitembea tumbo mbele.

Kulikuwa na mwendo mmoja tu pale Gitothua ambao Kahiga hakuukagua, nao ulikuwa wake.

Miaka kadhaa iliyopita pikipiki ilimgonga karibu na kwake ikamvunja nyonga ya kushoto. Alipasuliwa, akatiwa chuma, kisha akaambiwa aende mazoezini. Alikwenda mara mbili. Mtu wa mazoezi alikuwa kijana mwenye ndevu za kubahatisha, aliyemlaza kitandani ubavu ubavu na kumwambia ainue mguu juu, ashushe, ainue tena, huku akimsifu kwa kila mara. "Vizuri sana, mzee wangu. Moja tena." Kahiga akajiona kama mtoto anayebadilishwa nepi. Hakurudi.

Tangu hapo, kila alipokanyaga kwa mguu wa kushoto, mwili wote ulilalia upande huo kama mlango uliolegea bawaba. Nyumbani alisema ni baridi. Akitoka kwenda kanisani alikaza meno, akanyoosha mgongo, akatembea haraka haraka bila kumsalimu mtu njiani, na alasiri yote akashinda amelala. Aliamini hakuna anayejua. Mtaa mzima ulijua, ila kwa kuwa alikuwa na mdomo mkali, kila mtu alimwachia baridi yake.

Nyawira alikuwa binti wa kwanza wa mwanawe, na kama desturi ya Wakikuyu ilivyo, alipewa jina la nyanya yake, yaani mke wa Kahiga. Mke huyo sasa alikuwa marehemu. Kwa hiyo Kahiga, aliyeweza kumfokea mkubwa wa gereza, hakuweza kumfokea msichana huyu. Alimwita "mwenye nyumba," na mwenye nyumba akitaka kitu alikipata.

Safari hii alitaka kiuno chake.

Alimweleza wakiwa wanamenya viazi. Chuoni kila mwanafunzi alitakiwa kumleta mtu hai ambaye mwendo wake una kasoro. Mtu huyo angetembea mbele ya watahini, na mwanafunzi angeonyesha kasoro ni ipi na inaanzia wapi. Ripoti ya maandishi alikuwa ameshaipeleka. Akianguka mtihani huo angerudia mwaka, na baba yake, aliyefungasha mifuko kiwandani, alikuwa amesema wazi kwamba mwaka wa kurudia hauna mlipaji.

"Na hiyo ripoti umeandika juu ya nani?"

Nyawira akamenya kiazi kizima kabla ya kujibu. "Juu yako."

"Umenipeleleza."

"Nimekutazama ukienda kuchota maji. Ulinikataza kukupiga video, nikatumia macho."

"Kwa hiyo umewaandikia walimu wako kwamba babu yako ni kilema."

"Nimewaandikia kwamba misuli ya kando ya nyonga yako ya kushoto imechoka. Ndiyo inayokishika kiuno mtu anaposimama kwa mguu mmoja, na kila hatua ni kusimama kwa mguu mmoja. Yako haishiki tena. Na ukikubali inaweza..."

"Kiazi hicho umekimenya mpaka kimeisha," Kahiga akasema.

Lakini alikubali. Nyawira akamwomba mambo mawili tu: avae kaptura ili magoti yaonekane, na atembee kama anavyotembea nyumbani. "Usijikaze, guka. Tafadhali. Wewe jiachilie tu."

Neno hilo Kahiga alilitafakari siku nyingi, na kila alipolitafakari alizidi kulidharau. Usijikaze! Maelfu ya vijana aliwaambia wajikaze, na sasa kumezuka elimu ya kumwambia mtu mzima ajiachilie. Alijua mtihani ni nini. Kuruta akikosea hatua, mwalimu wake huanguka pamoja naye. Sasa mjukuu anampeleka babu yake mbele ya wakubwa. Je, babu akiingia akichechemea kama mbwa aliyegongwa na lori, mtoto atapewa alama gani? Nyawira alikuwa msichana, na msichana mwenye huruma; alikuwa amekata tamaa mapema na kutaka kujitetea kwa udhaifu wa mzee. Yeye angempa kitu bora kuliko huruma. Angetembea. Angewatembelea hao walimu mwendo ambao hawajawahi kuuona, na mtoto angepasi kwa kishindo.

Siku ya mtihani alifika Thika na kaptura ya kaki iliyotiwa wanga hadi ikasimama yenyewe, soksi zilizofika magotini, na buti alizozipiga rangi mpaka zikaakisi dirisha. Nyawira alimpokea langoni. Akaitazama kaptura, akaziona buti, wasiwasi ukamwingia usoni.

"Guka, wengi huwa wanatembea bila viatu."

"Wengi ni wengi."

Ukumbi wa mazoezi ulinuka dawa ya sakafu. Pembeni ulining'inizwa mfano mzima wa mifupa ya mtu, wa plastiki, ukiwa na kofia ambayo wanafunzi waliuvisha kwa utani. Kahiga akaukagua kutoka kichwani hadi miguuni. Hata ule nao ulisimama vibaya.

Na hao wanafunzi! Hao ndio wangewarekebisha wengine. Waliegemea kuta, waliegemea meza, waliegemeana. Mmoja, Byron, mrefu, mwenye simu kubwa kama kitabu cha nyimbo, akamjia kwa heshima zake za kileo.

"Guka wa Nyawi, niaje."

"Niaje nini?"

"Yaani, uko poa?"

"Mimi niko wima. Wewe ndiwe sijui uko vipi. Bega moja liko Thika, lingine Murang'a."

Byron akacheka, akayatazama mabega yake, na Kahiga akaona kwamba ni mara ya kwanza kijana huyo anakutana nayo.

Byron ndiye aliyetangulia. Alikuwa amemleta binamu yake mwenye nyayo bapa. Binamu akatembea, Byron akamfuata na simu, na kwenye ukuta ikatokea picha ya binamu amechorwa mistari ya rangi, namba zikichezacheza kwenye magoti. Byron alizisoma namba hizo kwa sauti kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Alipoulizwa ni msuli gani umelegea, aliitazama simu. Alipoulizwa tena, aliitikisa.

"App imehang, madam."

"Na wewe?" akauliza mtahini. "Wewe pia umehang?"

Mtahini huyo alikuwa Mwalimu Ajwang, mwanamke mfupi wa viatu vya chini. Kahiga hakupata cha kumtoa kasoro isipokuwa kalamu aliyoisahau nyweleni. Angalau alisimama kwa miguu yote miwili. Watahini walipaswa kuwa wawili, lakini wa pili, Mwalimu Barasa, alikuwa "njiani," na kwa jinsi neno hilo lilivyotamkwa, Kahiga alifahamu kwamba njia hiyo huwa ndefu kila siku.

Ikaja zamu ya Nyawira. Akamsimamisha guka wake mwanzo wa mstari uliochorwa sakafuni, akabandika vibandiko viwili vya rangi ya chungwa kwenye kaptura, mbele, kimoja kwenye kila mfupa wa kiuno. Kahiga akavumilia, macho mbele, kama mtu anayepekuliwa getini.

"Vikiwa sawa, kiuno kiko sawa," Nyawira akawaeleza waliokuwapo. "Kimoja kikishuka, tutajua ni upande gani, na ni wakati wa mguu upi." Kisha akanong'ona, "Kama nyumbani, guka."

Kahiga akakaza meno, akatembea.

Akatembea! Buti zilipiga sakafu hadi ule mfano wa mifupa ukatetemeka kwenye mnyororo wake. Mikono ilipanda hadi usawa wa bega na kushuka. Kifua mbele, kidevu ndani. Alifika ukutani, akageuka nyuma kwa kishindo, akarudi. Maumivu yalimpanda kutoka nyonga hadi sikioni na uso haukusema lolote. Aliposimama, wanafunzi walipiga makofi, na yule Byron akasema, "Wueh."

Kahiga akamtazama Mwalimu Ajwang kwa jicho la mtu anayengoja kupongezwa. Mwalimu Ajwang alikuwa anafunua kurasa za ripoti, anazirudia.

"Nyawira. Umeandika kwamba akikanyaga na mguu wa kushoto, kiuno upande wa kulia kinashuka na mwili unaegemea kushoto. Ndivyo?"

"Ndivyo, madam."

"Mimi nimemwona mzee anayetembea kunishinda."

Kahiga alikaribia kutabasamu. Kisha akauona uso wa Nyawira.

"Guka," msichana akasema polepole, "waonyeshe unavyotembea nyumbani."

"Ndivyo ninavyotembea."

Alilisema hilo mbele ya watu wote, kwa sauti ya gwaride, na ulikuwa uongo.

"Una video?" Mwalimu Ajwang akauliza.

"Alinikataza, madam."

"Basi sina la kupatia alama. Ripoti na mgonjwa lazima viambatane. Visipoambatana umetuandikia hadithi, na hadithi hatutahini hapa."

"Ungetumia app, Nyawi," Byron akanong'ona.

Hapo ndipo Kahiga alipotambua alichofanya. Kumbe hapa alama zilitolewa kwa kuchechemea! Shule gani hii, ambayo mtu aliyenyooka ndiye anayemwangusha mtoto? Aliwadharau wote kwa mkupuo mmoja, mwalimu na kalamu yake, simu na mistari yake, ule mfano wa mifupa na kofia yake. Lakini dharau haikumsaidia. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo kuliko vyote alivyowahi kufanya: kulegeza meno na kupiga hatua moja kama ile ya kwenda kuchota maji. Akajaribu. Mguu ulikuwa tayari. Ni yeye aliyekuwa hataki. Macho yote yale, ya watoto wasiojua hata kusimama, yaje yamwone akiegama?

Akabaki wima, na mwaka mzima wa mjukuu wake ukawa unapita.

Nyawira hakulia wala hakumbembeleza. Aliyatazama magoti ya babu yake kwa muda. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akaunganisha visigino, akanyoosha mikono ubavuni, dole gumba kwenye mshono wa suruali. Katika ukumbi ule, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyesimama vizuri tangu asubuhi.

"Gwaride!"

Mwalimu Ajwang aliruka. Kalamu ikaanguka kutoka nyweleni.

Wajukuu wote wa Kahiga walipigishwa gwaride uani wakiwa wadogo, fagio begani, wakipokezana kutoa amri, na sauti ya Nyawira ndiyo iliyokuwa kali kuliko za wavulana. Mwili wa Kahiga ulijikaza wenyewe.

"Gwaride litasonga mbele kwa mwendo wa pole! Pole... tembea!"

Mguu uliondoka kabla hajaushauri.

Sasa, mtu akitembea haraka, kila mguu hukaa chini kitambo kidogo tu, na uongo hupita hapo. Mwendo wa pole, ule wa mazishi ya wakubwa, hauna huruma. Mguu mmoja unaning'inia mbele, wa pili unaubeba mwili wote peke yake, na unaubeba kwa muda mrefu. Kahiga aliubeba kwa mguu wa kulia, na vibandiko vikakaa sawa kama taa za gari. Akaja kwenye wa kushoto. Kibandiko cha kulia kikashuka. Kifua, kile kifua, kikaangukia kushoto kuuokoa mwili usianguke.

"Tazama cha kulia, madam," Nyawira akasema, sauti yake ikiwa tayari imerudi kuwa ya mwanafunzi. "Mguu wa kushoto ukibeba, kinashuka. Ukibeba wa kulia, hakishuki. Kwa hiyo si mgongo, wala si urefu wa miguu. Ni misuli ya nyonga ya kushoto. Akienda kasi anaificha. Ameificha miaka mingi."

Kahiga alisikia kila neno. Angeweza kusimama, lakini mtu wa gwaride hasimami kabla ya kuambiwa. Akaendelea, akishuka, akiegama, akishuka, hadi alipofika ukutani.

"Gwaride, simama!"

Akasimama. Jasho lilimwingia machoni na hakulifuta. Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka, angejua la kufanya nao.

Mwalimu Ajwang akaokota kalamu, akaandika kwa muda mrefu. "Sawa," akasema. "Sawa kabisa. Keti, mzee. Ahsante."

Kahiga alikuwa ndiyo kwanza ameketi mlango ulipofunguka, na Mwalimu Barasa akaingia tumbo mbele. Alikuwa na mkoba kwapani na nusu ya andazi mkononi, na alitembea nyayo nje kama bata. Mwalimu Ajwang akamwonyesha alichoandika. Barasa akakisoma huku akitafuna.

"Hii mimi sijaiona."

"Nimeiona mimi."

"Tunatakiwa kuona wawili, Ajwang. Na kipimo chenyewe si kutembea tu. Asimame kwa mguu mmoja, nimshike kiuno, nihisi mwenyewe. Mzee arudie."

Nyawira akatoka kwenye meza. "Hatarudia, mwalimu."

"Unasemaje?"

"Ni guka wangu. Nimemfanyia mara moja mbele ya watu bila kumwomba ruhusa, na sitamfanyia tena. Nipeni alama mlizonazo."

"Alama za mtahini mmoja hazitoshi kupasi. Unajua hilo?"

"Najua."

Hakupaza sauti. Alilisema kama marehemu nyanya yake alivyokuwa akisema jambo lililokwisha, huku amekunja mikono, na Kahiga, aliyeishi na sauti hiyo tangu ujana wake, alijua kwamba hakuna wa kuigeuza. Mwaka ulikuwa umekwenda. Msichana alikuwa ameutupa kwa ajili yake, mbele ya mtu mwenye makombo ya andazi kwenye tai.

Hasira iliyompanda ilikuwa ya ajabu, kwa sababu haikujua imshike nani. Mwishowe ikamshika Barasa, aliyekuwa karibu na aliyestahili.

Kahiga akainuka. Hakukaza meno. Alitembea kutoka kwenye kiti hadi mbele ya mtahini kama anavyokwenda kuchota maji, akiegama kila hatua, na ilikuwa safari ndefu kwa umbali mfupi ule.

"Wewe ndiwe uliyechelewa?"

"Mzee, kulikuwa na jam."

"Jam haikuwazuia wenzako. Weka hilo andazi chini."

Barasa akatafuta mahali pa kuliweka, akaliweka juu ya ripoti.

"Sasa vua saa. Ina baridi, na kiuno ni changu."

Barasa akamtazama Mwalimu Ajwang. Mwalimu Ajwang alikuwa anatazama dirishani. Akavua saa.

"Guka, si lazima," Nyawira akasema.

"Nyamaza, mwenye nyumba. Huyu hajaona."

Akampa Barasa mgongo. "Shika hapo kwenye mifupa, pande zote mbili. Si hivyo, unanitekenya. Shika kama mwanamume." Mikono ya mtu asiyemjua ikamzunguka kiunoni, mikono laini ya ofisini, na wanafunzi wakasogea wote wapate kuona. Kahiga akawaacha waone. Akainua mguu wa kulia.

Kiuno kikashuka.

"Aha," Barasa akasema. "Naona."

"Hujaona. Umesimama vibaya, huwezi kuona. Panua miguu, nyoosha mgongo." Barasa akapanua miguu. "Haya. Nyawira, mweleze huyu, na umweleze polepole, ndiyo kwanza amefika."

Nyawira akasogea karibu. Akaweka kidole kwenye nyonga ya kushoto ya babu yake, akaanza upya, mfupa kwa mfupa na msuli kwa msuli, huku Sajini Kahiga akitetemeka kwa mguu mmoja na kumwambia Byron, bila kugeuza kichwa, ashushe lile bega.